Urefu wa Kulala na Urefu wa Kusimama

Mshauri Nerima mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi shemeji yangu Kipkirui anakuja na pikapu kumchukua mke wangu na watoto awarudishe kwao Bomet, na kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba napita barabara ambayo simu inaniambia nipite.

Mimi ni dereva wa lori la mbao hapa Elburgon tangu tarehe 3 Februari mwaka huu, zamani niliendesha tipa huko Kariandusi, na dereva aliyenitangulia alifutwa baada ya kugongesha mzigo kwenye daraja la reli, mbao za juu zikamwagika barabarani, kwa hiyo siku yangu ya kwanza mwenye lori, Mzee Kiprugut, aliniita akasema, "Kijana, hapa hakuna kubahatisha. Fuata simu. Ikisema kulia, ni kulia." Mwanawe Lewis akaniwekea kwenye simu ramani ya malori, si ile ya magari madogo, akawa ananiuliza maswali huku anaandika, uzito nikamjibu, upana nikamjibu, urefu nikamwambia mita nane na nusu, halafu akauliza urefu tena, nami nikasema, "Si nimeshakuambia, boss? Ni ile ile, nane na nusu," akacheka, akaandika, tukaachana.

Tangu hapo simu haijanipitisha Njoro, njia fupi yenye lile daraja la reli, hata siku moja. Kila mzigo wa Nakuru inanizungusha Molo, halafu barabara kuu, halafu Salgaa, na wewe unajua Salgaa ndipo madereva wa masafa marefu hulala, na watu husema hawalali peke yao, nami nikifika huko husimama kunywa chai kwa sababu nimechoka, na Mzee ananung'unika juu ya dizeli lakini anasema heri dizeli kuliko mzigo kumwagika tena, na ningeendelea hivyo bila neno kama tarehe 9 Mei jirani yetu Sue hangeniona pale hotelini, mhudumu ananimiminia chai huku anacheka, akaenda kumwambia mke wangu.

Chepkirui hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba Cheruto, tangu lini mtu wa Elburgon akienda Nakuru anapitia Salgaa?" Nikamwambia ni simu. Akasema, "Basi na mimi kesho nikienda kuteka maji nitapitia Kisumu, ukiniuliza nitasema ni ndoo." Kabla sijajibu, simu yenyewe, ambayo ina sauti ya mwanamke na nilikuwa nimesahau kuizima, ikasema ndani ya mfuko wangu nigeuze gari. Mke wangu akaniangalia. "Mjibu mwenzako, anakuita."

Sasa ametoa sharti moja, kwamba Ijumaa nina mzigo wa kupeleka Rhonda, mtaa wa Nakuru, basi nizime simu, nipitie Njoro kama watu wengine, nirudi mchana, ndipo atamwambia kaka yake asije, na wenzangu kwenye kiwanda cha mbao wananishauri nitumie ramani ya magari madogo, wanasema hiyo itanipitisha bila maswali. Nikizima simu nitafutwa kazi, nikiiwasha nitabaki na nyumba tupu. Nimtii nani?

Dereva wa Mbao, Elburgon

JIBU

Dereva, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, unisamehe. Pole kwa maneno ya Salgaa. Mwanamke mwingine simwoni katika barua hii. Naona neno moja tu.

Lewis alikuuliza urefu mara mbili, nawe ukadhani hasikii. Wewe unaishi na mbao, na kwa watu wa mbao urefu ni wa kulala, hauna mwingine. Lakini lori lina urefu wa kwenda nyuma na lina urefu wa kwenda juu, ule ambao walimu wetu waliuita kimo. Kijana alitaka vyote viwili, akatumia neno moja. Ukampa nane na nusu ya kulala, kisha ukalisimamisha lori lilelile wima kama mlingoti. Simu yako inaamini unaendesha nyumba ya ghorofa. Ingekupitishaje chini ya daraja la reli?

Lewis naye ana lake. Mtu anaandika lori lenye kimo cha mita nane na nusu na hainui macho kulitazama! Lakini dereva ni wewe. Tangu Februari unaketi ndani ya kitu usichojua kimo chake. Huku kwetu lori tunalijua kwa tani, kwa sababu tunaogopa mizani ya barabarani. Daraja halipimi tani. Wala usiniambie kimo kimeandikwa kwenye karatasi za gari; hicho ni cha lori tupu. Ukishapakia, kimo chako ni cha ubao wa juu kabisa.

Hao wenzako usiwasikilize. Ramani ya magari madogo haijui kwamba una mzigo. Itakupitisha bila maswali, kweli, na swali utaulizwa na daraja.

Sharti la mkeo usilitimize kwa kubahatisha, lakini usilidharau. Ulimjibu "ni simu". Hilo jibu hata mimi nisingelikubali.

Fanya hivi. Mzigo wa Rhonda ukishafungwa kamba, kabla hujawasha injini, mwite Chepkirui kiwandani. Pimeni kutoka ardhini hadi ubao wa juu, ongezeni shubiri moja kwa ajili ya matuta, kisha Lewis aiweke namba hiyo mahali pake, mbele yenu wote. Kimo kinachoruhusiwa kakisome mapema kwenye kibao cha daraja. Kimo chenu kikipungua hicho kwa nafasi ya kutosha, piteni Njoro, naye akiwa kiti cha mbele. Kikizidi, shusheni safu moja ya mbao au mzunguke Salgaa pamoja, akanywe hiyo chai amwone mhudumu.

Tepu ya kupimia ina ncha mbili. Wewe panda juu ya mbao na ncha moja. Kisanduku chake, panaposomwa namba, kibaki chini, mkononi mwa mama Cheruto. Akikusomea kwa sauti, hiyo ndiyo sauti ya mwanamke utakayoifuata.