Siku Saba za Kungoja Bastola

Adelphi, Jumamosi, Novemba 1998

Namshukuru Mungu kwa hizi siku saba za kungoja.

Tangu mlango wa jirani uvunjwe, shemeji yangu Kamau hanipi nafasi ya kupumua: "Unaishi peke yako, nunua bastola." Leo asubuhi nikaenda duka la bunduki. Bastola kubwa sikuweza hata kuikoki, mikono imechoshwa na kuinua wazee ninaowauguza kazini. Ile ndogo ya risasi tano ilinikaa vizuri, kama imepimwa kwa kiganja changu. Nikajaza fomu. Sheria ya huku ni kurudi kuichukua baada ya siku saba.

Muuzaji akauliza nani mwingine ana ufunguo wangu. Nikahesabu watu wa ushirika wetu wa kanisa, na wasichana waliofika juzi huku ughaibuni kutoka Nyeri. Sita, pamoja na Kamau. Wote huingia bila hodi, tulivyozoea.

Jioni nimejinyoosha kitandani kabla ya kwenda kazini, kitasa kikazunguka. Mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya mto, pale nilipopanga kuiweka bastola.

Alikuwa Kamau, amebeba sukuma wiki.

"Umenunua?" akauliza.

"Sijanunua, na sinunui. Kaa ule."