Minandi wa Jiwe la Kufulia

Shikamoo Mama,

Mwanza bado ina harufu ileile ya dagaa. Jana jioni nilirudi kwenye lile jiwe ulilokuwa ukifulia nguo zetu, nipige picha minandi, wale ndege weusi wanaoanika mabawa. Nikajificha kwenye matete na kamera yangu ya mtumba. Wakaruka wote! Mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria akanicheka: "Wanamwogopa anayewavizia, mwanangu. Wewe fua tu."

Nikavua shati, nikafua pembeni ya jiwe. Wakarudi jiweni mmojammoja, na jua la kuzama likaufanya weusi wao ung'ae kijani. Nikapiga bila flashi, mikono ina povu.

Jifunike, Njombe kuna baridi. Picha ikisafishwa utaona: katikati yao wameacha nafasi, palepale ulipokuwa ukikaa.

Mwanao, Masanja