Asumini Isiyotoa Ua na Mundu wa Bi Mwanakhamis

Mpendwa mshauri Bi Khairat, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana mimi si mtu wa kuchekwa, nimeishi Maskati miaka kumi na mmoja, nimekunywa kahawa na watu wenye farasi, na ingawa skuli niliishia darasa la sita dunia nimeisoma yote, lakini sasa nimeshindwa na mmea mmoja hapa uani kwangu Wawi.

Yalianza siku ya matayarisho ya harusi kwa jirani yangu Nyange, nilipopeleka gunia la mchele uani kwa wanawake, nikamkuta Bi Mwanakhamis, mjane, mtunga makoja na vikuba vya maua ya kujipambia, ambaye kila Alhamisi hupeleka maua yake madukani mjini Chake, amekaa na sinia la asumini, basi ulimi ukaniponyoka, nikasema kwa sauti kwamba Maskati nilikuwa nikipanda asumini mpaka wenyewe wakiniita Mwalimu, na ukweli, mshauri, kule nilikuwa dereva, asumini nikiziona dirishani.

Bi Mwanakhamis hakuinua hata uso. Akasema, "Ehe, Mwalimu! Basi chukua kitawi hiki ukapande. Siku kikitoa ua, tuma watu kwetu."

Watu! Yaani posa! Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikatoka pale siioni ardhi.

Bi Khairat, kile kitawi nilikilea kama mwana. Samadi ya ng'ombe ndoo mbili kila wiki, maji asubuhi na jioni, mbolea ya mpunga iliyonibakia nikaimwaga yote, na sikukubali kiguswe, mbuzi wa Nyange alionja jani moja mimi na Nyange tukanuniana siku tatu. Kikapanda chanja ya miti niliyokiundia, kikaivuka chanja, kikaingia dirishani, sasa nalala na majani, lakini ua, mwaka na miezi minne huu, hata moja la kumdanganyia nyuki! Nyange kila akipita: "Mwalimu, mchicha wako haujambo?"

Kisha nikaletewa habari kuwa Bi Mwanakhamis anakuja kuuona mmea wake. Shetani akanipitia. Nikakimbilia Chake, duka la mapambo la Bi Maliha, nikanunua koja la asumini, nikalifumua, nikayafunga maua kwenye mmea kwa uzi, moja moja, mpaka mgongo ukalia.

Akaja na mdogo wake Tatu. Akaizunguka chanja. Akachuma ua moja, akaligeuza chini juu, akalitazama, akafunika mdomo kwa mtandio.

"Maashallah, kaka Msellem," akasema. "Hili naondoka nalo."

Na akaondoka nalo! Nikajua nimeshinda. Kumbe kesho yake Tatu huyo, kaniletea mundu, umenolewa ukanoleka, umefungwa kwenye kanga. "Dada kasema utajua wa nini."

Mshauri, sijui! Hii wiki ya pili, mundu uko chini ya kitanda, watu sijawatuma, napita njia za nyuma kama mwizi wa kuku. Je, amegundua? Ananitisha? Nitume watu nisitume? Nampenda, na hilo si la majigambo. Yeye akicheka, hata mimi mwenye maneno mengi nanyamaza.

Msellem, Wawi.

Kaka Msellem,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, ndipo nikacheka. Nisamehe.

Maskati umeijua, Wawi hukuijua. Hilo koja la dukani Chake kalitunga nani? Umenunua maua ya Bi Mwanakhamis ukamwonesha Bi Mwanakhamis! Na hata yangekuwa ya mtu mwingine, ua lililotoka kwenye koja lina tundu la sindano. Yeye aliyetunga maua umri wake wote alione tundu asilijue? Alijua kabla hujamaliza kumkaribisha.

Haya, aibu iweke pembeni unisikilize. Angekuwa hakutaki, angekuumbua palepale, na alasiri Wawi nzima ingekuwa inacheka. Yeye kafunika mdomo, kachukua ua moja, kakutunzia siri. Kisha kakuletea mundu. Si wa shingo yako, mwanamume we! Ni wa mmea. Anamfundisha Mwalimu bila ya kumwaibisha.

Asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Wewe umeilisha mpaka ikanenepa majani ikasahau kazi yake, na kukata hukutaka. Utoe huo mundu leo. Punguza matawi mpaka kimo cha kiuno, wala usiililie. Samadi basi. Maji, ardhi ikikauka tu. Iache ipigwe na jua, na baada ya mwezi na nusu, miwili, utaona vitumba.

Lakini ukweli usingoje vitumba. Mundu ni wake, ukimaliza kukata urudishe kwa mkono wako, mchana, Tatu akiwepo. Useme maneno mawili: "Nilikuwa dereva." Usitie chumvi, usiitaje Maskati, ufunge mdomo. Akicheka, na atacheka, nyamaza kama ulivyozoea.

Vitumba vikija, vichume alasiri kabla havijafunguka, uwape watu wako waende navyo kwenye posa. Vizima, bila ya tundu hata moja. Sindano anayo mwenyewe.