Majani, Vidonge na Kochi la Baba

Binti yangu,

Mboga ziko jikoni, usiongeze chumvi. Baba yako amelala, usimwamshe.

Asubuhi nilimkuta bafuni ameshika ukuta, kichwa kinamgonga. Kumbe wiki nzima hajagusa vidonge vya presha! Anajaribu majani ya mlonge, na anaapa presha inashuka.

“Unapimaje?”

“Kabla ya kunywa na baada ya kunywa, mama watoto.”

Sasa sikia. Kabla ya kunywa ni pale tunapogombana nani kaacha taa inawaka. Baada ya kunywa ni akishajinyoosha kwenye kochi mpaka anakoroma. Hata maji matupu yangemshushia presha!

Kidonge cha asubuhi amemeza mbele yangu. Cha jioni ameze mbele yako, afungue mdomo uone. Kichwa kikianza tena, usinisubiri, mpeleke hospitali.

~~Hayo majani yamwage.~~ Usiyamwage, kayachuma kwa mkono wake. Nimebeba machache, naenda kumuuliza daktari.

Akinuna, mwambie sina mwingine wa kugombana naye, wala sitafuti.

Mama yako