Binti Yangu na Mimi Tumekubaliwa Chuo Kikuu Kimoja

Shangazi Filomena mpendwa,

Nakuandikia nikiwa meza ya jikoni na mke wangu amesimama nyuma yangu kuhakikisha nasema kweli, kwa hiyo nisaidie bila kunionea huruma sana, na majina usiyafiche, maana katika mji huu wetu wa Wareno wafuga ng'ombe hata ukiniita Bwana Fulani watu watajua ni Adelino Bettencourt kabla hawajamaliza mstari wa kwanza.

Nina miaka arobaini na tisa, na tangu utotoni mpaka juzijuzi nilikuwa mkamuaji, kama baba yangu na baba yake kule visiwa vya Ureno, lakini bei ya maziwa ilipoanguka na magoti yangu nayo yakafuata, tuliuza ng'ombe wote, nikabaki naamka alfajiri bila sababu, nazunguka zizi tupu, narudi ndani kupanga vikombe kwa ukubwa, mpaka Natália, ndiye mke wangu, akaniambia, "Adelino, ama utafute kitu cha kufanya ama mimi nitafute mume mwingine, huyu wa vikombe simwezi," ndipo nikaenda kujiandikisha chuo cha jamii hapa mjini, kile ambacho watoto wetu wengi husoma miaka ya mwanzo karibu na nyumbani kabla ya kuhamia chuo kikuu, nikitaka kujifunza kuchomelea vyuma.

Msichana wa dirisha la usajili akaniambia darasa la kuchomelea limejaa, ila shahada yoyote inadai somo moja la sanaa, kwa nini nisianze na hilo, na lenye nafasi ni la kuchora tu. Shangazi, mimi kalamu nilikuwa naishika kwa kusaini risiti za chakula cha mifugo. Niliingia darasani nimevaa buti, vijana wakadhani nimekuja kutengeneza bomba, mmoja akanionyesha sinki.

Mwalimu wetu ni Bi Okimoto, mwanamke mfupi mwenye aproni iliyoganda wino, wazazi wake walilima matunda ya pichi upande wa pili wa mto, na siku ya kwanza alituambia kila mtu achore kitu anachokijua kuliko vyote, nami nikasema moyoni hapa nimepata, nikachora ng'ombe, nikampa pembe na mkia na madoa, nikamaliza kabla ya wote. Akaja akasimama nyuma yangu, akatazama, akauliza, "Bwana Bettencourt, ng'ombe huyu umemtoa wapi?" Nikamwambia, "Nimekuwa naye maisha yangu yote, mwalimu." Akasema, "Hapana. Huyu umemtoa kwenye boksi la maziwa. Nenda ukamtazame mmoja, kisha urudi."

Nilikasirika njia nzima, lakini nikaenda kwa binamu yangu Valdemar ambaye bado anafuga, nikageuza ndoo nikakaa mbele ya jike moja lililolala linacheua, Valdemar akaja kuniuliza, "Unamnunua?" Nikasema, "Hapana, namtazama." Akasema, "Miaka yote hiyo ulikuwa unatazama nini?" Akacheka mpaka akashika uzio, lakini Shangazi, alikuwa amesema kweli bila kujua, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumtazama ng'ombe, nilikuwa natazama kiwele na kwato na homa, sikuwa nimewahi kuona jinsi nyonga inavyoinua ngozi kama mti wa katikati unavyoinua hema, wala jinsi shingo inavyokunjana anapogeuka kulamba ubavu, na nikiwa juu ya ndoo ile machozi yalinitoka, sijui kwa nini, wala sikuona aibu.

Furaha kama hiyo sikuwa nimeipata tangu binti yetu Celina azaliwe. Somo moja likawa matatu, habari ya kuchomelea nikaisahau kabisa, nikajifunza mkaa, nikajifunza rangi, nikafika kwenye uchapaji, unachonga picha kwenye ubao, unapaka wino, unalaza karatasi, unasugua, unaibandua polepole, na kila ninapobandua moyo wangu unadunda kama wakati wa kumvuta ndama, hujui anatoka mzima au vipi. Vijana wa darasani waliacha kunionyesha sinki, wakawa wananiletea patasi zao niwanolee, na mimi wananifundisha kutumia kompyuta. Mama yangu, Dona Hermínia unamjua, alikubali nimchore akimenya viazi, kisha alipoona picha imetundikwa ukutani mwa maktaba ya chuo alisogea karibu, akasema, "Mwanangu, kidevu hiki ni cha mama yangu," akaomba kiti, akakaa mbele yake mchana kutwa akiwaeleza wapita njia.

Bi Okimoto ndiye aliyenisukuma niombe kuhamia chuo kikuu. Niliomba vitatu, kimoja tu kikanikubali, kile cha pwani, ng'ambo ya milima, mwaka wa tatu wa sanaa. Na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu binti yangu Celina, pekee tuliyenaye, aliyemaliza sekondari mwaka huu na ana akili kama za mama yake, alikuwa ameshakubaliwa chuo hichohicho kusomea viumbe vya baharini, tukamfanyia karamu, Valdemar akachoma soseji, mama akaoka mkate mtamu, kila mtu akalia.

Jibu langu lilipokuja tulikuwa mezani, Natália akalisoma kwa sauti, mama akapiga makofi kisha akauliza sasa yeye nani atampeleka kanisani, nami nikamtazama Celina, akaweka uma chini akasema, "Baba, popote. Popote lakini si huko." Akatoka.

Nilimkuta kibandani kwenye matangi ya zamani ya maziwa. Nikasema, "Unanionea aibu?" Akasema, "Sikuonei aibu. Picha zako nimewaonyesha walimu wangu wote." Nikasema, "Sasa?" Akasema, "Baba, mimi ni binti wa Adelino kanisani, ni binti wa Adelino dukani, nikikosea mtihani nikifika nyumbani mmeshajua, nikicheka na kijana kwenye sikukuu ya Roho Mtakatifu bibi anajua kabla sijamaliza kucheka. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo hakuna anayenijua." Na mimi, Shangazi, kwa upendo, nikamjibu hapohapo, "Basi siendi. Wewe ndiye mwenye maisha mbele." Nikidhani atafurahi. Akaanza kulia, akasema, "Ona sasa. Umenifanya mimi ndiye niliyekunyima," na tangu hapo tunasalimiana kama watu waliokutana benki.

Natália anasema mimi na binti yangu tuna shingo moja, haigeuki. Valdemar ameniambia kazi ya kusimamia zizi lake iko wazi nikiitaka. Mwisho wa mwezi chuo kinataka nijibu ndiyo au hapana, na mimi nimeshaandika hapana, bado kuituma tu, maana naona baba ni wa kumpisha mtoto, na tena, nikuambie ukweli kwa sababu aliye nyuma yangu ananikoholea, huku mjini mimi ndiye mzee anayechora vizuri, kule kila mtu anachora vizuri na hakuna mwenye magoti kama yangu. Je, nimpishe Celina? Au mtu wa umri wangu anaruhusiwa kutaka kitu?

Adelino, mfugaji asiye na ng'ombe

*

Adelino,

Barua yako iliponifikia zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo sikusubiri gazeti, nilikupigia simu. Sasa naandika hapa yale niliyokuambia, kwa ruhusa yako na ya Celina, kwa sababu mji huu una akina Adelino wengi na wote ni wabishi.

Nilianza kwa kukupongeza, na narudia. Umefika mahali ambapo wanaume wengi wa umri wako hukaa barazani wakiwasema vibaya wanasiasa, wewe ukaenda kukaa juu ya ndoo ukamtazama ng'ombe mpaka ukalia. Nimesoma hapo mara mbili. Hongera, baba.

Kisha nilikugombeza, na hilo pia narudia.

Celina alikuomba nini? Alikuomba nafasi. Hakukuomba uache masomo. Wewe hukuuliza nafasi ya ukubwa gani, ukajitupa chini mlangoni mwake kama mtu aliyefiwa, ukamwambia apite juu yako. Mtoto gani atapita hapo kwa furaha? Angekwenda chuo akiwa amebeba vitabu begani na wewe mgongoni, na kila Krismasi angekutazama umekaa kwa Valdemar ukinusa maziwa ya wenzako, aseme moyoni ni kwa sababu yangu. Mzazi akitoa kafara ambayo hakuombwa, mtoto ndiye anayeila nyama yake miaka yote, na nyama hiyo ni chungu.

Halafu kuna jambo ulilificha mpaka mwishoni kabisa, ukalitoa baada ya mkeo kukohoa. Natália, Mungu akubariki na kifua chako. Adelino, wewe unaogopa. Unaogopa kufika mahali ambapo utakuwa mmoja kati ya wengi. Hofu hiyo si dhambi, kila anayetoka chuo cha jamii kwenda chuo kikuu anayo, hata wale wa miaka ishirini wenye magoti mazima. Lakini usiivalishe nguo za mwanao ukasema ni upendo. Ni hofu yako, ibebe mwenyewe.

Kwa hiyo nilikuagiza hivi. Futa ile hapana, tuma ndiyo leo, kabla ya chakula cha mchana, Natália akiwa amesimama palepale alipo. Mwambie Valdemar asante, na kwamba utapita zizini kutazama tu. Kisha nenda kwa Celina, usitoe hotuba, mwambie maneno haya: "Mimi naenda kwa sababu nataka. Nipangie masharti, nitayafuata." Halafu nyamaza. Ulivyonyamaza mbele ya yule ng'ombe, nyamaza hivyohivyo mbele ya mwanao.

Na wewe Celina, hukukosea. Msichana wa miaka kumi na minane kutaka mahali asipojulikana si utovu wa adabu, ni afya. Ila baba yako naye ni mwanafunzi. Chuo kile hakikujengwa kwa ajili yako peke yako, na bahari unayokwenda kuisoma ni pana, mtatosha.

Watu waliosikia habari hii wameniuliza mlangoni mwa kanisa ilikuwaje, basi nawaambia. Alituma ndiyo. Celina alimpa masharti akiwa anakaanga mayai, bila kumtazama: asimwite kwa mbali, maana sauti yake ni ya zizini, asiwaulize walimu wake habari zake, asivae ile kofia yake ya kukamulia. Celina alikwenda kukaa bwenini. Adelino alipata chumba kwa mjane mmoja Mreno karibu na bandari, siku za wikendi anarudi kwa mkewe na kumpeleka mama yake kanisani.

Nilimpigia tena mwezi wa kumi. Nilimkuta ana sauti ya mtu aliyekonda kidogo na kufurahi sana. Akaniambia kule ni kweli kila mtu anachora vizuri, wiki za kwanza alikuwa anarudi chumbani amenyong'onyea, mwalimu mmoja alimwambia ubao wake unasema maneno mengi mno, na alikuwa sahihi, sasa anaweka mistari michache, anaacha nyeupe nyingi. Akaniambia Celina alikuwa akipishana naye uwanjani na rafiki zake bila hata kupepesa macho, kama walivyokubaliana, na yeye alikuwa akitazama miti. "Inauma, Shangazi, lakini namwona anatembea kwa hatua ndefu. Nyumbani hakuwa akitembea hivyo."

Kisha akaniambia habari ya mchana wa siku hiyohiyo. Alikuwa peke yake studio ya uchapaji, mikono imejaa wino, chakula chake kiko wazi kwenye ukingo wa meza, wali na maharage na kipande cha soseji. Mlango ukafunguliwa, Celina akaingia na begi lake. Hakusalimia. Akavuta kiti, akasogeza bakuli upande wake, akala. Adelino akaendelea kuchonga picha ya ndege wa baharini, ananiapia hakuinua kichwa, ingawa aliharibu mstari mmoja wa bawa. Alipomaliza Celina akasimama, akainamia ubao, akasema, "Mstari huu wa bawa uache hivyo hivyo." Akafuta mikono kwenye aproni ya baba yake. Alipofika mlangoni akauliza, "Kesho unaleta nini?"

Adelino akaniuliza amjibu nini, kwa sababu mtoto aliondoka kabla hajajibiwa.

Nikamwambia: usimjibu kitu. Funga chakula cha watu wawili, kiweke palepale ukingoni mwa meza, uendelee na kazi yako.

Shangazi Filomena