Maji ya Mbuzi

Jumatatu, 3 Mei 1971
Maji ya pampu yako motoni tangu alfajiri. Nayachemsha mpaka yabaki nusu, kama mama alivyochemsha mizizi, ili dawa ikolee. Binti yangu Mwende anakunja uso. Anakunywa.

Daktari wa meno alituambia pale Ikutha kwamba maji ya pampu yana floridi, na floridi huzuia meno kuoza. Wenzangu walicheka. Maji yale ya chumvi ni ya mbuzi. Watu hunywa ya kuchimba mchangani, mtoni. Mimi sikucheka. Jino la Kioko, mwanangu wa kwanza, liko kabatini ndani ya kibiriti.

Jumapili, 16 Mei 1971
Kanisani nimemsikia Kioko akisaga meno nyuma yangu. Sikugeuka.

Alikufa kwa jino moja lililooza. Shavu likavimba, kisha shingo, kisha pumzi zikakatika. Niliweka karafuu nikangoja gari. Walipoling'oa tulikuwa tumechelewa. Mwende hajafika miaka miwili. Huyu simtoi.

Jumanne, 12 Oktoba 1971
Mume wangu amemwaga sufuria nzima. Anasema namnywesha mtoto maji ya mifugo kwa sababu ya marehemu. Ni kweli. Nimeteka mengine.

Alhamisi, 19 Februari 1976
Jino la utoto la Mwende limeng'oka. Jeupe, zima. Amelitupa juu ya paa akaomba jipya. Nimefurahi mpaka nikalia.

Jioni nimemwangalia vizuri. Jipya limeshachungulia. Rangi ya kutu, na vishimo. Nimelisugua kwa mkaa. Halitakati.

Ijumaa, 20 Februari 1976
Tumekwenda kwa daktari yule yule. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mama Mwende, floridi ikiwa kidogo inasaidia jino. Ya hapa imezidi. Na ukichemsha, maji inaisha, floridi yenyewe inabaki."

Anasema doa liliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi. Mengine yatatoka hivyo hivyo. Nikauliza kama ataishi. Akanitazama sana, akasema ataishi.

Jumapili, 22 Februari 1976
Nimeteka ya mchangani. Mwende amepiga mswaki, dawa ya meno kidogo tu, akatema kama alivyofundishwa. Watoto wa kanisani walimcheka. Sasa anacheka mkono ukiwa mdomoni. Nimeutoa. Ameurudisha.

Alipotoka nimefungua kibiriti, nikalitupa jino la Kioko juu ya paa, liliko la dada yake. Sikuomba jipya. Limebingirika kidogo kwenye bati, likanyamaza.