Umefuta Jina, Umeacha Mkono

Jumanne, 3 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na dawa zako unameza, usinidanganye. Vile vitoto unavyovilea havijambo? Mimi mzima, ila kozi inatutoa jasho. Inaitwa informatiki ya tiba, yaani kutumia kompyuta kupanga na kusoma taarifa za wagonjwa. Mambo ya mwaka mzima wameyashindilia kwenye siku tano! Sisi wauguzi tumechanganywa na makarani wa hospitali na mafundi kompyuta. Fundi mmoja jana kaogopa hata picha ya sindano, tumecheka mpaka basi.

Keshokutwa kila mtu anaonyesha taarifa za mgonjwa mmoja ukutani, bila jina. Wangu mzuri sana. Niombee.

Mwanao, kifungua mimba

*

Jumatano, 11 Juni

Wewe,

Salamu sina. Hali yangu usiniulize, umeshaitangaza.

Ijumaa mama wa mapacha aliwachukua wanawe, hajawarudisha. Jumatatu wengine nao hawakuja. Leo nina mtoto mmoja. Nikamfuata mama wa mapacha mpaka mlangoni kwake. Kumbe mdogo wake ni karani, alikuwa kwenye kozi yenu. Huyo mama akanisomea ujumbe wa mdogo wake kwenye simu: "Mwanamke, miaka 58, mlea watoto nyumbani, kifafa, kovu la moto mkono wa kushoto, kiwiko hadi kiganja." Halafu akanitazama mkono. Ningeuficha wapi?

Umefuta jina, umeacha mkono! Ndiyo elimu hiyo? Usinipigie simu. Utalia, nami nitalegea, na sitaki kulegea.

Mama yako

*

Jumamosi, 14 Juni

Mama,

Shikamoo. Pole. Lakini na mimi nina hasira, acha niseme. Nilifuta jina, mtaa, simu, namba ya faili. Mwalimu alikagua mwenyewe, akasema safi. Ningejuaje kuwa yule karani ni ndugu wa jirani yako?

Na wale wazazi, hawakustahili kujua? Miaka yote nakusihi uwaambie, unanijibu "kesho". Ungeanguka na mtoto mikononi, je?

Nimepewa cheti cha wasilisho bora. Nakuwekea nakala humu. Nilidhani utafurahi.

Mwanao

*

Jumatano, 2 Julai

Muuguzi,

Mara ya mwisho kuanguka hukuwa umeolewa bado. Daktari aliniruhusu kulea watoto mradi nisikae nao peke yangu, ndiyo maana mama yako mdogo anashinda hapa kila siku. Unayajua yote haya. Mbona hukuyaweka ukutani? Yangeharibu utamu?

Kuwaambia wazazi ilikuwa kazi yangu mimi. Ndiyo, niliogopa, nikawa napiga danadana. Lakini mdomo ni wangu, na ugonjwa ni wangu.

Na lile kovu, umesahau? Niliangukia jiko nikikupikia uji. Ulikuwa na miaka mitano, ukakaa unanipuliza mkono mpaka ukasinzia hapo hapo. Siku zote nikilitazama nakukumbuka wewe. Sasa nikilitazama naona ukuta wenu.

Yule mtoto wa mwisho wamemchukua jana. Alilia, alikuwa ananiita bibi. Vigodoro nimevifua, nimeviweka juu ya kabati.

Nakala ya cheti chako nairudisha. Mwalimu akikuuliza yule mgonjwa ni nani, mwambie humjui.

Ni mimi,
Mwanamke, miaka 58, zamani mlea watoto, kovu mkono wa kushoto